Pamoja na Kufunga

Kwa aliyechelewa kujiunga na msiba huu, muhtasari ni mfupi.

Mimi ni mwanafunzi wa bweni niliyesimamishwa masomo kwa wiki tatu. Nilibandika tangazo kwenye ubao wa shule, kwa mwandiko unaofanana mno na wa makamu wa mkuu, kwamba mtihani wa fizikia umeahirishwa kwa sababu ya upungufu wa mvutano wa dunia. Wanafunzi arobaini na mmoja waliamini. Mwalimu mmoja pia aliamini, na huyo ndiye aliyekasirika kuliko wote.

Nikarudi nyumbani na barua. Mama aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la sukari, akaniambia niende nikaoshe gari.

Gari letu tunaliita Shangazi, kwa sababu hulalamika kila mlima na halisahau shimo hata moja. Ni kibasi kikuukuu. Mama hukitumia kubeba watoto wa chekechea asubuhi na mchana, na humo ndimo hutoka kodi ya nyumba, chakula, na ada ya shule ile iliyonitimua.

Nilipokuwa naosha, nikaona taa ya oili inawaka kwenye dashibodi, ile yenye umbo la birika linalodondosha tone. Mama alikuwa amemwomba mjomba, mdogo wake wa tumbo moja, aongeze oili akipata nafasi. Mjomba ni fundi cherehani, na ni msahaulifu wa kiwango cha kusahau kwamba amesahau. Nikaona itapendeza akija kuikagua taa kwa ule uso wake wa daktari, halafu asiione. Nikaenda dukani kwake, nikaazima mkasi, nikakata kipande cha bitana nyeusi ya koti, ukubwa wa harage, nikakibandika kwa gundi juu ya birika.

Ulikuwa mzaha wa asubuhi moja. Jioni ningekibandua.

Lakini jioni Mama alirudi akiimba. Birika limezimika, akasema. Akamshukuru mjomba mezani, akampa kipande cha nyama kikubwa kuliko changu. Mjomba alitafakari, akaona kwamba huenda kweli aliweka hiyo oili, akasema, "Usijali, dada." Akala.

Nikaacha ipite siku nyingine, na nyingine. Siku ya tisa Shangazi akakata roho katikati ya mlima, akiwa na watoto kumi ndani. Ndani ya injini hamkukutwa oili ya kupaka hata bawaba.

Hapo ndipo nilipowaacha. Mjomba anajua moyoni kwamba hakuweka oili. Mama anajua kwamba mjomba alikula nyama asiyoifanyia kazi. Anayejua kisa kizima ni mimi, na wewe unayesoma, na wewe huli nyumbani kwetu.

Sasa tuendelee kuzika.

Mwalimu mkuu wa chekechea alimpa Mama mpaka Jumatatu. Alisema kwa upole, na upole wa mtu wa namna ile huchosha kuliko matusi. Wazazi wanauliza, alisema. Tena yupo dereva mmoja mwenye kibasi kipya chenye mapazia, ambaye amepita mara mbili kusalimia tu. Jumatatu asubuhi Mama asipokuwa getini na gari linalotembea, watoto watapanda lenye mapazia.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mama alikuwa na laki saba na elfu thelathini, akiba ya kununulia tangi la maji. Aliziweka mezani, akazitazama kama mtu anayeaga tangi.

"Wewe ndiwe uliyesoma," akaniambia. "Chukua daftari. Tafuta injini. Uandike bei zote, zote kabisa, na kila kilichomo ndani ya bei. Sitaki kusikia kesho kwamba kuna kitu tulikisahau."

Ndivyo nilivyoteuliwa kuwa katibu wa injini, niliyeiua mwenyewe. Niliukubali wadhifa huo kwa moyo mzito. Nikachora jedwali kwa rula: bei, kufunga, oili, usafiri, dhamana. Vichwa vya safu niliviandika kwa wino mwekundu.

Wa kwanza alikuwa fundi wa gereji ambako Shangazi alivutwa kwa kamba. Ni mtu mnene, mwenye ufunguo wa kila gari la mteja kwenye uzi shingoni, kama mwalimu wa zamu na filimbi yake. Yeye hakutaka tununue injini nyingine. Alitaka kuifufua iliyopo. Akataja laki tano na nusu, na uso wa Mama ukapata rangi.

Nikaanza kuuliza kilichomo ndani ya bei, kimojakimoja. Pistoni? Itategemea. Kichwa cha injini kama kimepinda? Itategemea. Krenki? Fundi akavuta pumzi, akasema hiyo ndiyo itategemea zaidi. Niliandika "itategemea" mara sita. Nilipomwomba anitajie kila kitegemeacho kwa bei yake mbaya kabisa, tukafika laki tisa. Halafu akasema siku kumi. Tuliaga.

Kabla ya kuondoka nilimwomba anifungulie gari kidogo, nimesahau humo daftari langu la fizikia.

"Daftari la fizikia," akasema fundi, "kwenye gari la watoto wa chekechea."

"Ni watoto wenye akili."

Hakufungua. Kutoka dirishani niliona dashibodi, na kwenye dashibodi kile kiharage cheusi, kimetulia, kinanisubiri.

La pili lilikuwa duka la spea lenye vigae na maji baridi ya bure. Muuzaji alivaa tai. Laki kumi, akasema, na hakuna swali nililouliza ambalo halikuwa ndani ya hizo laki kumi. Kufunga, ndani. Oili na chujio, ndani. Kuleta, ndani. Dhamana miezi sita, kwa maandishi. Gari litakuwa tayari Ijumaa jioni. Aliongea kama mtu anayesoma sala, bila kuangalia karatasi.

Mama alimwuliza kama anaweza kulipa nusu sasa na nusu mwisho wa mwezi. Muuzaji alitabasamu akasogeza bilauri ya maji karibu na Mama. Tukayanywa, kwa sababu tulikuwa tumetembea, tukatoka.

Njiani Mama alianza kuchechemea. Alikuwa amevaa viatu vya kuendeshea gari, visivyojua kutembea, na kisigino kimoja kilikuwa kimeanza kumchubua.

Wa tatu nilimpata kwa simu. Namba yake ilikuwa imechorwa kwa rangi kwenye ukuta: INJINI ZA AINA ZOTE. Yuko mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa gari. Sauti yake ilikuwa ya mtu mkunjufu anayetafuna kitu.

Nilimtajia aina ya gari. Akasema ipo, inaningoja mimi tu. Nikauliza kama ni kamili. Akasema haijapungua hata skrubu, ameisikia inanguruma kwa masikio yake mawili.

"Bei gani?"

"Laki saba, pamoja na kufunga."

Nilisimama. Sikumbuki niliinuka saa ngapi kitini, ila nilikuwa nimesimama.

"Pamoja na kufunga?"

"Pamoja na kufunga, kijana wangu. Nafunga mwenyewe, kwa mkono huu. Mimi simwachii mteja kitu kikachezacheza njiani. Mzigo nikiufunga mimi, umefungwa."

Nikaona huyu ni fundi anayeipenda kazi yake. Nikaandika kwenye jedwali, chini ya "kufunga": NDIYO. Nikapigia mstari mara mbili, na kwa furaha safu za oili na usafiri nikaziacha wazi.

"Umemwuliza vizuri?" Mama akauliza.

"Mara mbili."

"Na umeandika?"

Nikamwonyesha. Mama aliweka kidole juu ya ile NDIYO, akakiacha hapo muda mrefu kidogo. Fundi wa gereji, tulipompa habari, alitikisa kichwa akasema laki saba pamoja na kufunga ni bei ya mtu mwenye moyo wa ajabu au mwenye ugonjwa. Tukaona ni wivu wa biashara. Akasema basi, huyo fundi wenu akija kufungia hapa kwangu aje na spana zake, zangu siazimi.

Mama alituma laki saba Jumatano mchana. Zikabaki elfu thelathini chini ya kopo la sukari, pamoja na barua yangu.

Ijumaa saa tano tulikuwa gereji, watu watatu. Mama alikuwa amevaa gauni lake la maua, la kutokea. Mjomba alifunga duka lake akaja, kwa sababu tangu Shangazi afe huja kila mahali anapodhani anaweza kubeba kitu. Mama alikuwa akimjibu kwa neno mojamoja. Yeye alikuwa akiyapokea hayo maneno kana kwamba ni mengi.

Pikapu iliingia. Nyuma kulikuwa na injini.

Nimeona zawadi za harusi zilizofungwa vibaya kuliko injini ile. Ilikuwa imevishwa karatasi ya nailoni, juu ya nailoni magunia, juu ya magunia kamba ya katani iliyopita huku na huku kama kamba za kiatu cha mwanajeshi. Chini kulikuwa na fremu ya mbao iliyopigwa misumari kwa vipimo. Mafundo yalikuwa kumi na mawili, yote ya namna moja. Fundi wa gereji alilizunguka hilo gari kwa heshima.

Dereva akashuka peke yake. Shati lake lilikuwa jeupe. Nikaangalia upande wa pili wa pikapu, nikaona kiti kitupu.

Nikamwuliza fundi yuko wapi.

"Fundi gani?"

"Wa kuifunga."

Dereva akatazama injini, akanitazama mimi, akatazama injini tena. "Lakini imefungwa," akasema.

Nikampigia simu yule mkunjufu. Bado alikuwa anatafuna. Nikamweleza, kwa adabu niliyofundishwa shuleni, kwamba mzigo umefika ila mtu wa kufunga hakuja.

"Mtu wa kufunga ni mimi, kijana wangu. Nimeshafunga. Hujaona?"

"Nimeona kamba."

"Kamba ni ya katani, si nailoni. Nailoni hukatika. Nimetumia nusu siku hapo. Kuna watu wanatupa injini kwenye gari kama gunia la mkaa, mimi siwezi. Imefika na mkwaruzo?"

"Haina mkwaruzo."

"Unaona sasa."

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi? Mtu alisema atafunga, akafunga.

Neno hilo nalijua tangu nikiwa mdogo. Shule hufunga, timu hufunga goli, mwizi hufungwa, mtu mwenye nia hufunga kula. Mwalimu wa Kiswahili alinipa alama ishirini na nane kwa thelathini kwenye maana za maneno, na kufunga mzigo niliipata. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimekaa siku nzima na mafundi, na kwa fundi injini hufungwa kwenye gari tu. Kwa mtu wa usafirishaji, injini ni mzigo kama viazi.

Nilirudi nikamwambia Mama. Nilimwambia kwa sentensi moja, kwa sababu sikuwa na ya pili.

Dereva akakohoa, akasema na yeye anadai nauli, elfu arobaini. Fundi wa gereji akaja akipangusa mikono. Hakucheka, na hilo nitamshukuru mpaka kufa kwangu. Akasema kufunga, kule kwa kwenye gari, ni laki moja na elfu themanini, na ataweza kumaliza Jumamosi alasiri akianza sasa hivi. Oili na chujio, elfu arobaini na tano. Gasketi, mkanda na mipira ya kushikilia injini, elfu sitini.

Nikajumlisha kwenye daftari bila kuambiwa. Pamoja na zile laki saba, jumla ilikuja laki kumi na elfu ishirini na tano. Nikajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Injini ya nafuu ilikuwa imempita yule muuzaji mwenye tai kwa elfu ishirini na tano, na haikuwa na dhamana yoyote isipokuwa mafundo.

Mama alikaa juu ya tairi kuukuu. Akavua kiatu kimoja, akakishika mapajani.

"Soma kwa sauti," akasema.

Nikasoma kila mstari. Nilipofika mwisho alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa majibu ya hospitali aliyokuwa akiyajua.

"Nina elfu thelathini," akasema. Hakuwa akimwambia mtu.

"Mama, nimekosea."

"Umechoka tu, mwanangu. Sote tumechoka." Akavaa kiatu. "Neno nililiona mwenyewe, nikaliwekea kidole."

Afadhali angenichapa. Ningejua pa kuweka uso.

Nilipogeuka, mjomba hakuwepo. Nilidhani amesahau kwamba yuko gereji, akaondoka. Jambo hilo limewahi kutokea.

Alirudi baada ya saa moja na ushei, kwa miguu, na bahasha ya khaki. Alimkabidhi Mama kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na laki tatu.

Mama alimwuliza amezitoa wapi. Mjomba akasema ameuza kitu. Mama akauliza kitu gani. Mjomba akaanza kuangalia mafundo ya ile kamba, akasema mfungaji huyu ni hodari.

Alikuwa ameuza cherehani, ndugu msomaji. Ile ya pedali, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika nusu. Mjomba husahau sura, tarehe na sufuria jikoni, lakini akikaa kwenye cherehani ile hukumbuka kiuno cha kila mtu aliyewahi kumshonea, na mwaka alionenepa. Bila cherehani sijui atakumbuka nini.

"Mimi ndiye niliyesahau oili, dada," akasema. "Acha niifunge mimi."

Mama alizihesabu zile noti. Akamlipa dereva, akampa fundi zilizobaki, na bahasha tupu akaikunja mara nne. Lakini kwa mara ya kwanza tangu siku ya mlima alimwita mjomba kwa jina lake la utotoni, lile ambalo sitaliandika kwa sababu lingemwaibisha. Akamwambia aje kula jioni. Mjomba anaishi peke yake, na chakula cha kwetu ndicho pekee anachokula akiwa amekaa.

Alikuja. Tulikula sote watatu. Nilimwachia nyama yangu, akaniuliza kama naumwa.

Sasa Jumamosi, saa tisa alasiri. Injini ilikuwa imeingia mahali pake. Fundi alikuwa na oili mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa amesimama upande wa dereva na mkoba wake, tayari kwa safari ya kwenda kumwonyesha mwalimu mkuu, asingoje Jumatatu. Mjomba alisimama nyuma yake. Mimi nilisimama karibu na mlango, mkono mfukoni, kucha tayari. Nilikuwa nimepanga niingie kabla ya fundi, nijifanye nafuta vumbi, nikibandue.

Fundi aliingia kabla yangu. Ni mnene, lakini kwenye kiti cha gari la mteja ni mwepesi kama paka.

Akatoa ufunguo shingoni. Akauzungusha hatua ya kwanza tu, bila kuwasha, akaanza kuziita taa kama mwalimu anayeita majina asubuhi.

"Betri. Ipo. Breki. Ipo. Mlango. Ipo." Akasita. "Oili."

Hakuna aliyeitika.

"Oili," akarudia. Akamgeukia Mama. "Mama, mimi siwashi injini ambayo taa ya oili haijajitokeza. Ikikosekana kabla ya kuwasha, kuna waya nimesahau. Tusije tukazika mara ya pili."

Akainama, akamulika kwa tochi ya simu. Nilimwona anakunja jicho. Akagusa kwa kidole. Akakwaruza kwa ukucha, na kile kiharage kikabanduka kama gamba la kidonda.

Chini yake birika lilikuwa linawaka, jekundu, zima kabisa.

Fundi alikiweka kile kitambaa kwenye kiganja, akakinyoosha mbele ya Mama. Hata mtoto wa chekechea angeelewa.

Mama alikitazama kwa karibu. Kingo zake zilikuwa na meno madogomadogo, yaliyopangika sawasawa. Akainama, akageuza upindo wa gauni lake la maua. Upande wa ndani, kitambaa kilikuwa na meno yaleyale. Aliushika upindo kwa mkono mmoja na kile kipande kwa mkono mwingine, akavilinganisha.

Mkasi wa meno uko mmoja tu katika ukoo wetu, dukani kwa mjomba. Hata sare yangu ya shule imekatwa kwa huo.

Akageuka.

Mjomba alikuwa anakitazama kile kipande na midomo imefunguka kidogo. Halafu akanitazama mimi. Niliona kitu kinapanda usoni mwake polepole, kama maji yanavyopanda kwenye ndoo. Yule mtu asiyekumbuka kama amekula alikuwa anakumbuka. Alikuwa anakumbuka nimeingia dukani kwake asubuhi moja, nimeazima mkasi, nimemwambia ni kwa ajili ya somo la sayansi.

"Ni bitana yangu," akasema mjomba.

Hakudanganya. Ilikuwa bitana yake.

"Nilikupa kipande kikubwa cha nyama," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ndiyo, dada."

"Uliona ni rahisi kuifunika kuliko kununua oili. Watoto wa watu walikuwa kumi humu ndani, kwenye mlima."

"Ndiyo, dada."

"Cherehani nitakurudishia, hata ikichukua mwaka. Lakini nyumbani usije. Mpaka nikuite."

"Sawa, dada."

Fundi alikuwa anaangalia usukani kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wakigombana. Naona alitaka kutusaidia kwa njia anayoijua.

Nikafungua mdomo.

"Mama," nikasema, na fundi akawasha.

Injini iliamka mara moja. Ngurumo ikajaza gereji nzima, mabati yakatetemeka, kuku wa jirani wakakimbia. Nami sikunyamaza, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikasema yote. Nikasema bitana, gundi, birika, mzaha wa asubuhi moja, siku tisa, kwamba mjomba hakujua lolote, kwamba ni mimi, mimi, mimi. Nilikuwa napiga kelele mpaka koo likawasha, na mimi mwenyewe sikusikia hata neno.

Mama alikuwa ananitazama mdomoni, mkono nyuma ya sikio.

Fundi akaona nasema. Akazima.

Nyuma ya Mama, mjomba, aliyekuwa ameshaanza kuondoka, alisimama. Akanitazama. Akaweka kidole kimoja juu ya midomo yake, akatikisa kichwa polepole, mara moja tu.

"Haya sema, mwanangu," Mama akasema. "Sasa nakusikia."